Kamera ya Mjomba Hashimu

Kinole,
23 Juni 2024

Kwa mpwa wangu Yasmin,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya kwenye baridi. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Idi tuliisali vizuri, mvua ikatuachia siku hiyo hiyo tu, kesho yake ikarudi. Mama Latifa, mwenzangu, anakusalimu sana. Anasema ule mgomba ulioupanda nyuma ya jiko umezaa mkungu mkubwa na hatamwachia mtu aukate kabla hujaja. Binti yetu Latifa alipanda kutoka Mazimbu kusherehekea nasi. Bado yuko jikoni pale chuoni, anapikia wanafunzi, na amenenepa kweli kweli.

Najua mafundi wenzako wanakucheka unapopokea barua. Lakini simu huku kwetu mtu unasema "haloo, haloo" mpaka inakatika, na tena nilimwahidi marehemu mama yako kwamba nitakusomesha mpaka uniandikie barua kwa mkono wako. Kwa hiyo tuandikiane. Hii nampa Salehe, ambaye naye ana gari la abiria hapa kijijini, aiweke kwenye basi la Mbeya pale stendi ya Msamvu.

Sasa nina jambo. Unamkumbuka Abeid, kijana wa bodaboda, mtoto wa Mzee Issa? Tulikutana kwenye kona ya Mitiki, mimi nashuka na abiria na ndizi, yeye anapanda. Tukagongana. Alianguka akavunjika mfupa wa bega. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, na sasa anaendelea vizuri. Lakini anapita kila kijiwe akisema Mzee Hashimu ndiye aliyemfuata upande wake. Mimi! Njia hii naiendesha tangu wewe hujazaliwa. Tulipoitwa ofisi ya kijiji, abiria wangu wakaulizwa, na kila mmoja akasema alikuwa anatazama pembeni. Hata Mama Latifa, konda wangu, aliyekaa pale mbele ubavuni mwangu, alisema jua lilimpiga machoni. Shauri likaisha hivyo hivyo, na mimi nimebaki na jina baya.

Mjini nimeona magari yana kamera ndogo kwenye kioo cha mbele. Wewe ni fundi umeme wa magari. Nitafutie moja. Siku nyingine mtu akinisingizia, nimwonyeshe.

Mjomba wako,
Hashimu


Mbeya,
14 Julai 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umfikishie Mama Latifa. Mimi sijambo, ila vidole havisikii, asubuhi tunaota moto wa mabaki ya mbao kabla hatujashika spana. Kazi zipo nyingi, malori ya Tunduma hayaishi. Fundi mwenzangu Grace ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona barua yako, akasema huyu mzee anaandika kama anabandika tangazo. Kweli Mjomba, herufi zako zimekuwa kubwa, neno moja linapanda mstari wa juu na la pili linashuka.

Pole kwa ajali, na pole umpe Abeid. Kamera hii hapa kwenye boksi. Nyingi huchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, lakini la kwako liliungua zamani, na sipendi waya uning'inie mbele ya dereva. Ndiyo maana nimekuwekea na kiboksi cha kuunganisha moja kwa moja kwenye umeme wa gari. Ungekuwa karibu ningekufungia mwenyewe. Kwa kuwa uko mbali, ufanye taratibu.

Fungua kifuniko cha fyuzi pale juu ya goti lako. Pima kwa testa ujue fyuzi ipi inaishi muda wote na ipi inakufa ukizima gari. Ukishajua, legeza kichwa hasi cha betri ndipo uanze kuunganisha. Kiboksi kina nyaya tatu. Mweusi ni wa ethi, ufunge kwenye bolti iliyoshika chuma cha bodi, na ukwangue rangi kwanza. Mwekundu uende kwenye fyuzi inayokufa ukizima, ya redio inafaa. Wa njano uende kwenye ile inayoishi muda wote. Huo wa njano ndio unaoiacha kamera ilinde gari likiwa limeegeshwa, mtu akiligonga inaamka yenyewe. Fyuzi za breki na taa kubwa usiziguse kabisa. Waya wa kamera upitishe ndani ya kitambaa cha dari, ushuke na nguzo ya mlango, na uubane usije ukaanguka kwenye pedali.

Mjomba, usicheke nikikufundisha. Testa ya kwanza niliyoshika maishani ulinipa wewe.

Mpwa wako,
Yasmin


Kinole,
11 Agosti 2024

Yasmin,

Salamu. Sisi wazima, ila mimi nimekasirika.

Kamera nimefunga. Ikawaka, ikasema "karibu" kwa Kiingereza, nikafurahi. Asubuhi yake siku ya soko, abiria wamekaa juu ya matenga ya machungwa, nikageuza ufunguo. Kimya. Betri haina hata umeme wa kuwasha kipima mafuta. Watu wazima wakashuka wakasukuma Land Cruiser mpaka kwenye mteremko, na Abeid yuko pembeni kwenye kijiwe chake, mkono kwenye bandeji, ananitazama tu. Ingekuwa afadhali angesema.

Kosa si langu. Hao waliotengeneza nyaya zako wameziharibu. Huo unaouita mwekundu na huo wa njano rangi ni moja. Nimeziangalia nje kwenye jua, nimeziangalia ndani, ni moja. Mama Latifa alikuwa mtoni anafua, nikaona nisingoje, nikaunganisha kwa kukisia.

Sasa unaniambiaje?

Mjomba wako


Mbeya,
25 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana, na uwape pole waliosukuma.

Umezigeuza. Mwekundu umeuweka kwenye umeme wa muda wote, kwa hiyo kamera inadhani gari linatembea usiku na mchana, inarekodi mpaka betri inakufa. Zibadilishane tu nafasi. Kiboksi kitaanza kuilinda betri, ikipungua nguvu kitaizima kamera chenyewe.

Kuhusu rangi, nilichukua nyaya za boksi kama lile nikampa Grace nikamuuliza. Alinishangaa. Mjomba, nyekundu na njano haziwezi kufanana. Labda zilikuwa na vumbi. Mwombe Mama Latifa akuonyeshe wa njano, halafu ufunge fundo la uzi juu yake, ili siku nyingine uutambue kwa vidole.

Vipi, huumwi kichwa? Unakula vizuri?

Yasmin


Kinole,
29 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Alhamdulillahi, leo nina habari njema tupu. Pilipili manga zimeanza kuiva, mdalasini wa Mama Latifa umekauka vizuri, na Latifa amepata mchumba, mwalimu wa huko Ngerengere. Atakuja na wazee wake baada ya mavuno. Wewe lini?

Kamera inafanya kazi. Mama Latifa alinishikia nyaya, mimi nikakaza, na betri haijalala tena hata siku moja. Abiria nimewatangazia kwamba humu ndani kuna chombo kinaona na kinasikia, mwenye siri zake apande kwa Salehe. Wakacheka, lakini sasa wanakaa wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho.

Kuna jambo moja nataka. Kile kikadi cha ndani kilichorekodi safari nimekichomoa, nimekifunga kwenye kitambaa, kiko ndani ya bahasha hii. Huku hakuna kompyuta. Kiangalie wewe. Waite na mafundi wenzako waone dereva wa milimani anavyoshusha mzigo kutoka Kinole mpaka Bigwa. Halafu uniandikie ulivyoona.

Mjomba wako mwenye furaha,
Hashimu


Mbeya,
20 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa Latifa. Mwambie namtafutia kitenge kizuri cha hapa Mwanjelwa.

Baridi imepungua, sasa ni vumbi. Grace amehamia kwa dada yake na ananisumbua nihamie karibu naye. Kazini kumeletwa basi lililoungua nyaya zote, tunalinyonyoa kama kuku.

Kadi imefika. Picha ni safi.

Mama Latifa hajambo? Bado anakwenda nawe kila safari?

Yasmin


Kinole,
3 Novemba 2024

Yasmin,

Salamu. Tuko salama.

Barua yako nimeisoma kwa taabu, maana ni fupi mno kwa mtu ninayemfahamu. Umesema picha ni safi. Mimi sikukuuliza picha, nilikuuliza dereva. Kama umeona jambo, sema. Kwetu Uluguru mimi ndiye mjomba wako, na mtoto wa dada hamfichi mjomba.

Hashimu


Mbeya,
17 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika hii kwa mara ya nne, tatu nimezichana. Naomba unisamehe kabla hujafika mwisho.

Nilifanya ulivyosema. Niliwaita. Tuliweka kadi kwenye kompyuta ya Grace saa ya chakula, mafundi wamekaa juu ya matairi, mimi nimejaa majivuno. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ukungu unapanda kwenye migomba, watoto wanapunga mikono, nikawa naonyesha, pale ni kwa fulani, pale shuleni kwetu.

Halafu nikaanza kusikiliza.

"Kushoto kidogo. Hapo hapo. Kona inakuja, shika kulia. Zaidi. Haya nyoosha. Polepole, mbele kuna mama na ndoo. Simama. Bado anavuka. Sasa twende."

Ni sauti ya Mama Latifa. Hakunyamaza hata kidogo tangu Kinole mpaka mlipofika lami. Nyuma kuna mtu alicheka, akasema, "Leo konda kaamua kuendesha kwa mdomo," na yeye akacheka naye, kisha akaendelea pale pale: "Jiwe kulia. Umelipita." Kona zote, mashimo yote, anayasema taratibu kama anayemsomea mtu kitabu.

Pale kona ya Mitiki aligeuka nyuma kumjibu abiria. Neno moja tu. Na gari likaanza kwenda kulia, polepole, bila haraka yoyote, kama hakuna kitu upande ule. Upande ule kulikuwa na bodaboda iliyombeba mama na mtoto mgongoni. Nimewaona nyuso zao, Mjomba. Mama Latifa akapiga kelele, "Hashimu! Kushoto!" ukarudi. Nilisimamisha picha nikatoka nje.

Mjomba, huoni.

Nimeliandika neno hilo kwa kuwa hapo kwenu hakuna aliyelisema. Abiria hawalisemi kwa sababu wanakuheshimu na hawana gari jingine la kutosha. Mama Latifa halisemi kwa sababu anakupenda. Hata mimi nilipata barua zinazopanda na kushuka, na nyaya mbili za rangi moja, nikauliza kama unaumwa kichwa. Nimewauliza wanaojua. Macho kupungua namna hiyo, na rangi kufifia, mara nyingi ni ukungu wa mtoto wa jicho. Unatibika. Wanautoa na kuweka kioo kidogo ndani ya jicho, na mtu anarudi nyumbani.

Sikuombi kama fundi. Nakuomba kama mtoto uliyembeba mgongoni siku ya msiba wa mama yake. Weka ufunguo chini.

Yasmin


Mbeya,
12 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Sijapata barua. Nilimpigia Salehe, akasema mko wazima, mtandao ukakata. Nilimpigia Latifa, akasema niwape muda, na yeye akalia.

Kama umekasirika, endelea kukasirika, lakini niandikie umekasirika. Nikiona basi la Dar linaingia hapa stendi naenda kumuuliza konda kama ana bahasha yangu. Wameshanizoea, wananitikisia kichwa nikiwa bado mbali.

Mkungu wa mgomba wangu uleni. Msiningoje.

Yasmin


Kinole,
2 Machi 2025

Kwa mpwa wangu Yasmin,

Assalaam aleikum. Ramadhani imeingia, funga njema kwako kama unafunga. Mwandiko huu ni wa Mama Latifa. Maneno ni yangu, na nimemkataza kupunguza.

Barua yako ya Novemba niliisoma mwenyewe, nusu siku, nikiwa nimeisogeza dirishani. Nilipofika pale penye neno lako niliikunja. Niliivuta kamera kwenye kioo nikaitupa ghalani. Nikawa siongei na mtu. Nilimuuliza Mama Latifa, "Na wewe unasema sioni?" Akasema, "Mimi sijasema." Nikamwambia, "Ndicho ninachokuuliza." Akaenda kuwasha moto.

Basi siku ya Ijumaa, baada ya swala, nikamwambia apande gari, tuko wawili tu, hakuna abiria, hakuna mzigo. Nikamwambia, "Leo usiseme kitu. Hata kikitokea nini." Akakaa. Nikawasha. Yasmin, nilikuwa nikidhani ninaiona ile njia. Nakuapia, nilidhani ninaiona. Kumbe nilikuwa naisikia. Alivyonyamaza, mbele yangu kukawa na kitu kama uji. Nilikwenda kwa kukumbuka. Nilihesabu kona ya kwanza kichwani, nikakata, na tairi la mbele likaingia mtaroni, upande wa mlima, Mungu mkubwa, si upande wa bonde. Gari likalala ubavu nusu. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameuma khanga yake na machozi yanamtoka. Akaitoa mdomoni, akasema, "Sasa niseme?"

Tulicheka, mpwa wangu. Tulicheka na kulia mle ndani mpaka watu wakaja na kamba.

Waliotuvuta, wa kwanza alikuwa Abeid. Bega lake limepona. Kesho yake nilikwenda kwao, nikamwambia mbele ya baba yake na wenzake wa kijiweni kwamba alisema kweli, na mimi nitalisema hilo popote alipolisemea yeye. Akaniletea kiti.

Ufunguo nikautundika ukutani. Hapo ndipo shida ikaanza. Ndizi zikaozea barazani kwa watu. Salehe akawa anajaza gari mpaka naogopa kumtazama, yaani kusikia. Mwalimu Anastasia alikosa usafiri wa kumpeleka mwanawe kliniki, akashuka kwa miguu. Kila anayepita anauliza, "Mzee Hashimu, gari bovu?" Nasema, "Gari zima."

Siku moja tunapukuchua pilipili, Mama Latifa akasema, "Kona zote nazijua."

Nikasema, "Kona zipi?"

"Zote. Na mashimo. Na nani anaanika mihogo wapi, na ng'ombe wa nani hulala barabarani. Nimeziendesha miaka yote hii kwa mdomo. Kinachonishinda ni klachi."

Nilidhani ni utani. Alikwenda ghalani akarudi na kamera, akaiweka mapajani mwangu. "Na hii nitairudisha mimi mwenyewe," akasema. "Rangi za nyaya nazijua."

Tumefanya mazoezi uwanja wa mpira kila alasiri. Yeye macho, mimi sikio. Gia naisikia kabla hajaishika, namwambia "sasa", anabadili. Wiki ya kwanza aliangusha goli, mlingoti wote. Vijana wamelisimamisha tena na wamemwekea alama za chokaa apite katikati. Abeid ndiye mwalimu wa kurudi nyuma, anasimama kule mwisho anapiga miluzi.

Sasa yuko kwa Latifa, Mazimbu. Ijumaa jioni anapanda, Jumatatu anashuka. Amejiandikisha chuo cha udereva mjini. Darasani wote ni watoto, wanamwita Bibi. Alama za barabarani amewashinda.

(Mimi Mama Latifa naongeza: hili la kuwashinda ni kweli.)

Kuhusu macho, bado. Bibi yako aliingia hospitali kwa miguu yake akatolewa kwenye jeneza, na mimi ndiye niliyemshika mkono kuingia. Unielewe hapo.

Mjomba wako,
Hashimu


Mbeya,
23 Machi 2025

Mjomba wangu, Mama Latifa wangu,

Shikamooni.

Konda alinipa bahasha mbele ya gereji, nikaisoma nimesimama, Grace akaninyang'anya akawasomea wote kwa sauti. Pale pa goli mtu mmoja alianguka kwenye tairi. Wanakusalimu, Mama Latifa, wanasema ukipata leseni watakutumia kofia ya gereji.

Mjomba, habari ya Bibi naielewa, na sitakuambia usiogope. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyorudi na viatu vyake mkononi. Ila yeye aliumwa figo kwa muda mrefu, mkampeleka amechelewa. Wewe una jicho lenye ukungu. Fundi mkuu wetu hapa alifanyiwa mwaka juzi. Nilimuuliza inaumaje. Alisema alichosikia ni maji kama ya kunawa uso, na daktari akiongea habari za mpira. Jioni alikunywa chai nyumbani.

Wanaanza na jicho moja. Likikataa, unabaki na lile jingine kama lilivyo. Naomba jicho moja tu. Mimi nitalala hapo nje mlangoni kama ikibidi, nimeshaomba likizo ya Juni.

Yasmin


Kinole,
29 Juni 2025

Kwa mpwa wangu Yasmin,

Assalaam aleikum. Natumaini ulifika salama Mbeya na mkungu wa ndizi haukukuibia usingizi kwenye basi. Sisi hatujambo. Latifa hajambo, mwalimu wake hajambo, posa imepita vizuri.

Barua hii naandika mwenyewe. Tazama mistari.

Nilikubali jicho moja tu, kama ulivyoomba, nawe ukakaa nami pale hospitali mpaka walipoliziba, halafu likizo yako ikaisha, ukaondoka kabla hawajalifungua. Kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, na nimekaa chini nikusimulie.

Asubuhi yake muuguzi, Regina, alikuja akabandua bandeji. Akasema nifumbue taratibu. Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke, ana mvi hapa kando ya sikio mpaka juu, na mistari miwili mdomoni. Nikamtazama. Akanitazama. Nilimjua Mama Latifa kwa jinsi alivyouma khanga.

Nikamwambia, "Mwanaheri, umeota mvi?"

Akasema, "Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza kona hiyo."

Regina akatoka nje kabisa, anacheka, anafuta macho.

Leseni yake ilishatoka wiki moja kabla, hilo unalijua. Tukapanda gari, yeye usukani, mimi kushoto. Yasmin, ile njia. Nilikuwa nimesahau kwamba bonde lina kina namna ile! Nilikuwa naipita kila siku ya soko, naambiwa kushoto kidogo, kulia kidogo, basi nadhani pembeni ni majani tu. Kumbe mto uko chini kule kama uzi. Nilishika mkono wa mlango kwa mikono miwili. Nikasema, "Punguza mwendo." Akasema, "Niko gia ya pili." Nikasema, "Bodaboda mbele." Akasema, "Nimemwona tangu kule chini." Nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu, sasa najua alivyopata taabu ile Ijumaa. Lakini nilipozoea nikaanza kutazama. Mikarafuu imechanua. Kijani kiko cha aina nyingi mno. Kwa Mzee Issa wamepaka nyumba rangi ya bluu, na wanasema ina mwaka wa pili.

Siku ya soko ya kwanza watu hawakupanda. Walikuja na mizigo yao, wakaona Mama Latifa anafungua mlango wa dereva, wakasimama. Abdallah muuza nanasi akasema yeye hana haraka, anamngoja Salehe. Mama Latifa hakubishana naye. Alipakia ndizi zetu na mdalasini wetu, akawasha. Mwalimu Anastasia akatoka kwenye kundi akapanda na mwanawe. Abeid akaegesha bodaboda yake kwa mwenzake, akapanda naye, ingawa hakuwa na safari. Tukashuka watano. Kamera inawaka kwenye kioo, ameifunga yeye mwenyewe, waya hauonekani kabisa, mafundi wako wangependa. Jioni tulirudi tumejaa.

Jana sasa ndiyo ninayotaka ujue. Jicho la pili litafanyiwa upasuaji Agosti, na daktari amesema nikitaka kuendesha tena tuzungumze baada ya hapo, haoni kizuizi. Habari hiyo imeshaenea kijiji kizima, unawajua. Asubuhi abiria wamejaa, matenga yamefungwa, Abdallah yuko juu ya nanasi zake. Akaniita kwa sauti, watu wote wakageuka:

"Mzee Hashimu, tunasikia sasa unaona! Basi shika chombo chako, twende zetu!"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, maana ndimi niliyepima maji na mafuta. Mama Latifa alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva. Aliitengeneza khanga yake begani, akawa anatazama matairi.

Nilimpa ufunguo. Nikazunguka kwa mbele, nikafungua mlango wa kushoto, nikaketi, nikateremsha kioo nipate kuona vizuri.

Mjomba wako anayekupenda,
Hashimu Maneno